Kununua Seva ya Mtumba na Kuigeuza Ghala la Video Nyumbani

Mpiga video za harusi anaijua shida hii kuliko mtu yeyote. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Weka kamera mbili na saa tano za ukumbini, umefika gigabaiti 450, na hapo hujagusa kicheni pati wala sendofu ya bibi harusi yuleyule. Msimu ukiisha, droo imejaa diski za nje zilizobandikwa majina kwa selotepu, na mteja wa mwaka juzi anapiga simu kuulizia video yake.

Ndipo watu wanapoanza kuulizia seva za mtumba. Hizi ni mashine zilizostaafishwa na maofisi na vituo vya data. Zimejengwa kuwaka usiku na mchana, zina nafasi 8 hadi 12 za diski, na bei yake imeshuka mno kulinganisha na ilivyokuwa zikiwa mpya. Mfano wangu hapa utakuwa Dell PowerEdge karibu muda wote, kwa sababu nitakayoieleza. Mwenye picha za familia, kumbukumbu za kanisa au mafaili ya utafiti afuate hatua zilezile.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umeme kabla ya bei

Muuzaji atakusifia prosesa na RAM. "Xeon mbili hizo, kaka, RAM 128." Kwa kazi ya kutunza faili, hata prosesa moja ya zamani itakaa ikipiga miayo. Kitakachokuumiza ni wati inazokula mashine ikiwa haifanyi lolote, maana hivyo ndivyo itakavyokaa sehemu kubwa ya siku.

Seva ya raki (ile bapa ya kufungwa kwenye fremu ya chuma) yenye prosesa mbili na diski 8 kwa kawaida hula wati 150 hadi 200. Tuchukue 150: mara saa 24, mara siku 30, ni uniti 108 kwa mwezi. Mteja wa Tanesco wa kundi la T1 (matumizi ya kawaida), ambaye uniti inamfikia kwa takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, atanunua Luku ya zaidi ya shilingi 38,000 kila mwezi kwa ajili ya seva tu. Seva ya mnara (inayosimama kama kompyuta ya mezani) yenye prosesa moja na diski 4 inaweza kukaa kwenye wati 60, yaani uniti 43, kama shilingi 15,000. Tofauti ya mwaka mmoja inapita shilingi 270,000.

Walio kundi la D1 watulie hapa kidogo. D1 ni ya nyumba zinazotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na uniti yao ni kama shilingi 122. Mashine ya wati 100 peke yake inakula uniti 72. Ongeza friji, taa na televisheni, umeshavuka, na ukizoea kuvuka utahamishiwa T1. Huko kila uniti ya nyumba nzima, hata ya pasi, inalipwa kwa bei ya juu. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 7,300 hivi inajikuta kwenye uniti 132 kwa shilingi 47,000. Kenya uniti ni ghali zaidi, kwa hiyo wasomaji wa huko hesabu itawauma zaidi.

Nunua kipimawati cha kuchomeka kwenye soketi. Marekebisho yote ninayoyaeleza chini yapime kabla na baada, vinginevyo unabahatisha.

Hatua ya 2: Jua unachokitafuta

Kwa nyumbani, seva ya mnara ndiyo chaguo langu la kwanza. Dell T330 ina prosesa moja, nafasi 8 za diski za inchi 3.5, inapokea RAM ya DDR4 yenye ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe) hadi gigabaiti 64, na feni zake zinavumilika. HP MicroServer Gen8 ni ndogo kabisa, nafasi 4, RAM mwisho gigabaiti 16. Kwa familia inatosha, kwa studio itakubana mapema.

Tatizo ni kwamba za mnara ni adimu. Vituo vya data hutupa mashine za raki, kwa hiyo ndizo zinazojaa sokoni, na wengi wenu mtaishia na Dell R720xd ya kizazi cha 2012 au R730xd ya 2014. Angalia hizo herufi mbili za mwisho. R720xd ina toleo lenye nafasi 12 za inchi 3.5 mbele, R720 ya kawaida inaishia 8.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi: mashine hizohizo zina toleo la nafasi 24 za inchi 2.5, na mara nyingi ndilo la bei ya kutupwa. Nafasi 24 zinasikika vizuri masikioni, lakini diski ya inchi 3.5 haiingii humo, na diski za seva za inchi 2.5 za mizunguko 10,000 zinaishia terabaiti 2.4. Utalipa zaidi kwa kila terabaiti milele. Muulize muuzaji akutumie picha ya uso wa mashine ikiwa wazi, bila kava la mbele.

R710 na wenzake wa 2009 waache hata ukipewa kwa bei ya nauli. Wanakula umeme, na kadi ya kuendeshea diski ya PERC 6/i inayokuja nao haitambui diski inayozidi terabaiti 2.

Kwa nini Dell? Si ubora wa bati. Dell huruhusu mtu yeyote kupakua programu dhibiti (firmware) za mashine zake bure kwa kuingiza namba ya huduma iliyobandikwa kwenye mwili wa seva. HP tangu 2014 ilifungia masasisho mengi ya ProLiant kwa wateja wenye waranti au mkataba, na mtumba hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Pa kununulia: maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, minada ya makampuni yanayobadilisha vifaa, au kuagiza Dubai na Uingereza. Ukiagiza kwa kago ya ndege inayotozwa kwa kilo, kumbuka seva ya 2U (kimo cha nafasi mbili za raki) iliyojaa diski inakaribia kilo 30. Mwambie muuzaji aondoe reli za kufungia kwenye raki. Nyumbani hazina kazi na ni chuma kizito. Mashine za kutoka Uingereza zina faida ndogo: plagi ya pini tatu za bapa ni ileile yetu. Ila zilizotoka kituo cha data huja na waya wa kuchomeka kwenye reli ya umeme ya raki, si ukutani. Waya wa kawaida wa kompyuta ya mezani unafaa badala yake.

Hatua ya 3: Dukani, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Fungua kifuniko kabla ya kuwasha. Inua lachi ya juu, bati linateleza nyuma. Tafuta vumbi lililoganda na kuwa kama zulia, kutu kwenye skrubu (dalili ya ghala lenye unyevu), na plastiki nyeusi inayofunika prosesa. Plastiki hiyo ndiyo inayoelekeza upepo. Mashine isiyo nayo itachemka hata feni zikienda kasi yote, na kuipata peke yake ni kazi.

Kisha hesabu trei. Mashine zilizotoka benki na makampuni makubwa hunyofolewa diski kwa usalama wa taarifa, na mara nyingi trei huondoka nazo. Kinachobaki kwenye matundu ni vifuniko vya plastiki vinavyofanana na trei kwa mbali. Vuta kila kimoja. Trei 12 zikinunuliwa mojamoja zinaweza kuondoa unafuu wote ulioupata kwenye bei.

Washa. Dakika ya kwanza itanguruma kama jenereta la ukumbini, halafu itulie. Isipotulia, kuna feni mbovu au kadi isiyotambuliwa. Bonyeza F2 uingie kwenye mipangilio: ikidai nenosiri na muuzaji halijui, bei ishuke au uondoke. Ukiingia, angalia RAM yote inaonekana na kumbukumbu ya matukio ya mashine inasema nini. Kosa la RAM linalojirudia kwenye tundu lilelile wiki baada ya wiki si "kitu kidogo, boss". Bonyeza F10 uendeshe vipimo vya ndani vya mashine. Chukua soda usubiri.

Chomoa pawasaplai moja mashine ikiwa inawaka, irudishe, chomoa nyingine. Isizime. Ukiwa hapo soma wati zilizoandikwa mgongoni: ya 495 au 750 inafaa nyumbani kuliko ya 1,100, kwa sababu pawasaplai kubwa inayobeba mzigo mdogo hupoteza umeme zaidi.

RAM za seva hizi za raki kwa kawaida ni za aina iitwayo RDIMM. Hazichanganyiki na za kompyuta ya mezani hata zikiwa zote DDR3, kwa hiyo ulizonazo kabatini ziache. Kwa kazi hii gigabaiti 16 zinakutosha na 32 ni starehe. Zile 128 za muuzaji ni joto na umeme.

Hatua ya 4: Diski zinunuliwe kivyake

Mashine nunua ya mtumba. Diski fikiria mara mbili. Prosesa ikifa unabadilisha prosesa. Diski zikifa pamoja, ni harusi za watu zimekwenda.

Ukinunua mpya, hakikisha si za teknolojia ya SMR, ambayo huandika mistari ya data ikipandana kama vigae. Zinafaa kwa nakala ya kuweka kabatini, lakini ndani ya kundi la diski zinaweza kuchukua siku nyingi kujijenga upya baada ya mwenzao kufa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa hasa kwa ajili ya mashine kama hizi, zilikuwa SMR. Tangu hapo, zisizo SMR katika familia hiyo zinaitwa Red Plus na Red Pro. Soma lebo.

Ukinunua zilizotumika, ziulize zenyewe kwa amri za Linux (sdb hapa ni jina la diski):

`smartctl -a /dev/sdb`

Angalia saa zilizowaka, sekta zilizohamishwa (namba 5), zinazosubiri (197) na zilizoshindikana (198). Hizi tatu ziwe sifuri. Namba 199 ikipanda, mara nyingi ni kebo, si diski. Kwa diski za SAS (aina ya diski za seva) tafuta mstari wa "grown defect list". Usiziamini saa peke yake: mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski za Seagate Exos zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya kaunta kurudishwa sifuri. Kumbukumbu nyingine ndani ya diski hizo ndiyo iliyowaumbua wauzaji, na smartctl kuanzia toleo la 7.4 inaisoma:

`smartctl -l farm /dev/sdb`

Saa za hapa na za kule zisipolingana, mrudishie mwenyewe. Diski zilizochomolewa kwenye CCTV zimejaa sokoni kwetu; nyingi zimeandikwa juu bila kupumzika kwa miaka. Mimi ninazitumia kwa majaribio tu.

Diski za SAS zilizotoka kwenye makabati ya NetApp au EMC zina kituko chao. Sekta zake ni za baiti 520 badala ya 512, na ukizichomeka zinaonekana lakini hazina ukubwa. Muuzaji asiyejua atakuuzia kama mbovu, na hapo ndipo pa kumpata. Zinatengenezeka:

`sg_format --format --size=512 /dev/sg3`

Inachukua saa nyingi na umeme ukikatika katikati unaanza upya, kwa hiyo usiianze bila UPS. Hakikisha namba ya sg ni ya diski unayoikusudia. Amri hii haiulizi mara mbili.

Kila diski, mpya au kuukuu, iandike na kuisoma yote kabla ya kuipa kazi: `badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb`. Inafuta kila kitu, na diski ya terabaiti 4 inachukua kama siku tatu. Itakayokufa, heri ife wakati huo.

Hatua ya 5: Kadi ya RAID ivuliwe madaraka

Hili ndilo rekebisho kubwa. Kadi ya RAID ya kiwandani huzificha diski nyuma yake na kuuonyesha mfumo diski moja kubwa ya kubuni. Mifumo ya kisasa ya kutunza faili, hasa ZFS, inataka kuziona diski zenyewe, isome afya yake na kukagua kila kipande cha data. Tena kadi ikifa, ukiwa umeitegemea, unaanza kutafuta kadi ya ukoo uleule ndipo uyaone mafaili yako.

Kwa R730xd na T330 zenye kadi ya H330 au H730, kazi ni ya dakika chache. Hamisha chochote unachokihitaji kwanza, futa diski za kubuni zilizopo, kisha F2, ingia kwenye vifaa, chagua kadi, fungua mipangilio yake ya ndani na uiweke kwenye HBA Mode, yaani izipitishe diski kama zilivyo. Washa upya. Imekwisha.

R720xd ina H310 au H710, na hizi hazina chaguo hilo. Dawa yake ni kuziflashia (kuziandikia upya) programu dhibiti ya LSI iitwayo IT mode, inayofanya kazi hiyohiyo. Maelekezo kamili ya amri yapo mtandaoni kwa kila aina ya kadi, nami sitayarudia, ila haya ndiyo yanayowakwamisha watu. Kwanza, jua aina yako hasa: H710 Mini zipo za chipu B0 na za D1, na faili ya moja ukiipa nyingine unaweza kuiua kadi. Pili, chomoa betri ya kadi na diski zote kabla hujaanza. Tatu, badilisha mashine iwake kwa BIOS badala ya UEFI na uzime vipengele vya usaidizi wa mashine pepe, maana programu ya kuflashi hugoma vikiwa wazi. Nne, andika kwenye karatasi anwani ya SAS ya kadi kabla ya kuifuta, utairudisha mwishoni. Na usichomeke kadi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa anayeona seva ni kelele tupu: nunua kadi ya LSI 9211-8i iliyokwisha kuflashiwa uiweke kwenye kompyuta ya ofisi ya mnara. Inabeba diski 8 kwa kebo mbili zenye vichwa vinne kila moja. Kebo hizo zipo za aina mbili zinazofanana kama mapacha: ya kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, na ya kutoka kwenye mazabodi kurudi kwenye kabati la diski. Ya pili haitafanya kazi, na hakuna kitakachokuambia sababu. Kadi zenyewe zilibuniwa kupozwa na upepo mkali wa seva. Kwenye kompyuta ya kawaida bati lake la kupozea huunguza kidole. Funga feni ya milimita 40 juu yake, skrubu ndogo zinaingia katikati ya mapezi ya bati.

Hatua ya 6: Kelele

Dell za kizazi cha R720 na R730 zinakubali kuamriwa feni kupitia iDRAC, ile kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo ndani yake. Mtumiaji wa kiwandani ni root na nenosiri ni calvin. Libadilishe leo, na mlango huo wa mtandao usiuelekeze kwenye intaneti kamwe. Kisha, kutoka kwenye Linux iliyo ndani ya seva yenyewe:

`ipmitool raw 0x30 0x30 0x01 0x00`
`ipmitool raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14`

Ya kwanza inazinyang'anya feni uamuzi, ya pili inaziweka asilimia 20 (0x14 ni 20). Ukibadilisha mwisho wa ya kwanza kuwa `0x01`, feni zinarudi kujitawala. Wanaonunua R740 na kuendelea wajue kwamba programu dhibiti mpya za iDRAC9 zimeufunga mlango huu.

Onyo la pwani: maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20. Dar mwezi Februari chumba bila kiyoyozi kinapita 30. Anza asilimia 30, acha mashine ifanye kazi nzito kwa saa nzima, usome joto la diski kwa smartctl. Likipanda juu ya nyuzi 45, ongeza feni. Halafu andika skripti fupi inayosoma joto kila dakika na kuzirudishia feni uhuru likizidi kiwango, maana ukiziacha kwenye amri yako, hazitaongeza kasi zenyewe hata mashine iungue.

Feni zikipiga kelele baada ya kuchomeka kadi isiyo ya Dell, hiyo ni tabia ya mashine, si ubovu. Kuzing'oa na kuweka za kompyuta ya kawaida sikushauri: matundu ya plagi hayafanani, na hazina nguvu ya kusukuma hewa katikati ya diski 12 zilizobanana.

Hatua ya 7: Punguza mlo

Ng'oa prosesa ya pili. Kabla hujaifanya hivyo, pata kifuniko cha soketi, kwa sababu pini ziko upande wa mazabodi na zikipinda hazinyooki kirahisi. Ondoa na RAM za upande wake, uzihamishie upande wa kwanza kuanzia matundu yenye lachi nyeupe. Baadhi ya nafasi za kadi zitalala kwa kukosa prosesa, hivyo hamisha kadi zako kabla ya kudhani zimekufa. Inayobaki, safisha juu kwa spiriti na uipake pesti mpya ya joto. Badilisha na betri ya saa, CR2032, bei ya soda mbili tatu.

Kwenye iDRAC washa kipengele cha Hot Spare ili pawasaplai ya pili isinzie. Rudi kwenye kipimawati uone umeokoa kiasi gani.

Hatua ya 8: Umeme unaokatika

Pawasaplai za seva hazipendi inveta za mawimbi ya ngazi zinazouzwa rahisi; nunua ya mawimbi safi. Mashine ya wati 120 kwenye betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inapata kama saa nne. Lakini inveta nyingi haziwezi kuiambia seva kwamba betri inaisha. Weka UPS ndogo yenye waya wa USB katikati, nayo itaiamuru izime kwa adabu.

Kwenye F2 kuna kipengele cha AC Power Recovery. Kiweke iwake yenyewe umeme ukirudi, lakini kwa kuchelewa sekunde 120, ili ule mshtuko wa kwanza umalizikie kwenye friji ya jirani.

Hatua ya 9: Funga mfumo

TrueNAS, yaani mfumo wa kutunza faili unaotumia ZFS, ni ya bure na inatosha. Inataka RAM gigabaiti 8 kwenda juu. Ifunge kwenye SSD ndogo ya gigabaiti 120 iliyo peke yake, si kwenye fleshi. Anayetaka kitu chepesi zaidi atumie OpenMediaVault.

Kwa diski 6 za terabaiti 4 chagua mpangilio wa ZFS uitwao RAIDZ2. Nafasi ya diski mbili inakwenda kwenye kinga, zinabaki terabaiti 16, na unaweza kupoteza diski zozote mbili bila kupoteza video. RAIDZ1 inaokoa diski moja, lakini kwa diski zilizotumika mimi siithubutu: kundi likijijenga upya ndipo diski kuukuu nyingine huchoka. Ukifika asilimia 80 ya nafasi, anza kufikiria kuongeza au kufuta.

Panga ukaguzi wa data yote mara moja kwa mwezi, vipimo vya afya ya diski (SMART) kila wiki, na baruapepe ya tahadhari ije kwenye anwani unayoifungua kila siku. Kwa kebo ya gigabiti moja, zile gigabaiti 450 za ukumbini zitaingia kwa saa moja na dakika chache, na unaweza kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye seva. Mtandao wa gigabiti 10 unaweza kusubiri.

Yote haya bado si nakala rudufu. Mwizi hubeba seva na diski zake zote, na radi haichagui. Zile diski za nje za kwenye droo sasa zimepata kazi: ziweke nakala za harusi zilizokamilika, zikae kwa shangazi Morogoro au popote pasipo na paa moja na seva.

Hatua ya 10: Mahali pa kuiweka, na jaribio

Stoo yenye dirisha, juu ya meza au rafu imara, mbali na jiko na mbali na matone ya kiyoyozi. Kabati la chini ya ngazi lisilo na hewa ni tanuri. Matundu ya nyuma ya nafasi za kadi yasiyotumika yazibwe kwa bati zake, maana mjusi kafiri anapenda joto na akikatiza kwenye mazabodi mnakufa wote wawili. Puliza vumbi kila mwezi. Ukiwa karibu na barabara ya vumbi, mara mbili.

Kabla ya kuweka kazi ya mteja, jaza gigabaiti mia kadhaa za video zisizo na maana, kisha vuta diski moja mashine ikiwa inawaka. Baruapepe ya tahadhari ifike, video iendelee kucheza. Weka diski nyingine, anzisha ubadilishaji, uandike umechukua saa ngapi. Soma namba tambulishi (serial number) za diski zote, ziandike kwenye lebo mbele ya kila trei, kwa sababu siku diski itakapokufa mfumo utakutajia namba hiyo, na ukivuta ya jirani kwa bahati mbaya utakuwa umejipunguzia kinga mwenyewe.